Bendi Isiyomngoja Mama

Usiku ule nilijitupa kitandani saa mbili tu, vumbi la chaki likiwa bado vidoleni, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Mama alikuwa chumba cha pili. Hiyo ilikuwa siku ya nne hajafungua kinywa ila kwa kijiko cha uji, na hata uji wenyewe aliupokea kwa shingo upande, macho yake ukutani. Nilipomfunika blanketi jioni ile, kwa kuwa baridi ya Iringa haina huruma kwa mgonjwa, nilisema, "Usiku mwema, Mama." Hakugeuka. Nikazima taa, nikaenda zangu kulala kama mtu anayekimbia.

Naitwa Adela. Nafundisha hisabati sekondari, na tangu Mama apate kiharusi nimehamia kwake Kihesa, kwenye nyumba tuliyokulia mimi na mdogo wangu Festo. Baba yetu, mzee Bosko, alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Siku za kazi Baba alikuwa fundi bomba wa idara ya maji. Jumapili alikuwa mpiga drams. Hilo wanafunzi wangu hawalisadiki nikiwaambia, lakini zamani mji huu ulikuwa na vijana waliopiga roki. Walijazana ukumbini Jumapili mchana wamevaa suruali za bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, wakacheza bugi mpaka jua linazama, kisha kila mmoja akarudi kwao kuchota maji na kulisha kuku.

Baba alikuwa na bendi na wenzake watatu, na mwimbaji wao alikuwa Mama. Edina. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea chumvi. Baba ndiye aliyesikiliza santuri, akairudisha sindano nyuma mara ishirini, akaandika maneno kwenye daftari kwa herufi za Kiswahili kama yalivyomwingia sikioni. Mama akayaimba vivyo hivyo. Nyimbo zenyewe walizipa majina yao wenyewe: Wimbo wa Barabara, Wimbo wa Yule Mwanamke, Wimbo wa Mvua. Sisi watoto tulikua tukidhani nyimbo hizo ni zao, kwamba zilitungwa sebuleni kwetu.

Kiharusi kilimchukulia Mama mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuchechemea, kikaondoka na maneno yote. Anaelewa kila kitu. Ukimtajia jirani, anajua jirani gani. Lakini akitaka kusema "maji" midomo inahangaika, shingo inatoka mishipa, na kinachotoka si neno. Kijana mmoja wa mazoezi ya kuongea pale hospitali ndiye aliyenipa matumaini.

"Mwalimu, usikate tamaa," aliniambia. "Wapo wasioweza kutamka jina lao, lakini wakianzishiwa wimbo waliouzoea, maneno yanakuja yenyewe. Mama alikuwa anapenda nyimbo gani?"

Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema, "Basi hizo hizo."

Wenzake Baba wa bendi walikuwa wamekufa wote. Santuri zilikwisha kukwaruzika na kutupwa. Nikampigia Festo, ambaye anafanya kazi za kompyuta huko Mbeya, na wiki iliyofuata akaja na kompyuta ya mkononi. Akaiweka mezani, akaifungua, akanionyesha programu moja.

"Dada, humu ndani kuna bendi nzima," alisema. "Wewe unaiandikia kodi za gitaa tu, unachagua mtindo, unachagua mwendo. Drams, besi, kinanda, magitaa, vyote inapiga yenyewe."

Kodi zilikuwa kwenye daftari la Baba. Alikuwa ameziandika juu ya maneno, kwa penseli, herufi moja moja, ili mpiga gitaa ajue wapi pa kubadilisha vidole. Wiki tatu nilikaa na lile daftari kila nikitoka shule. Niliweka herufi moja, nikabonyeza, nikasikiliza, nikafuta, nikaweka nyingine. Nikachagua mtindo ulioandikwa roki ya zamani. Siku ambayo drams za Wimbo wa Mvua zilianza kutoka kwenye kile kikasha, zikafuatiwa na besi, halafu gitaa likaingia likilia kama lilivyolia utotoni mwetu, nilishika mdomo nikalia. Niliona kama nimewafufua.

Nilifufua nyimbo sita. Mama alipenda. Alitikisa kichwa, alipiga mguu mzima chini. Lakini kuimba hakuimba. Wimbo wa Mvua una mizunguko minne ya muziki mtupu, kisha mwimbaji anaingia. Mizunguko minne ilipita, mahali pa sauti pakapita, na Mama kinywa chake wazi, hakuna kitu. Nikaanza upya. Nikamhesabia kwa sauti. Nikamwonyesha kwa kidole. Jumapili ile nilianza upya mara kumi na moja, na kila mara bendi ilifika palepale, haikungoja, ikaendelea na safari yake bila yeye. Mara ya kumi na moja nikapiga meza kwa kiganja.

"Mama! Ni nne tu! Mtoto wa darasa la kwanza anahesabu mpaka nne!"

Na kana kwamba hilo halikutosha, nikaongeza, "Baba alikuvumilia vipi wewe?"

Nilipogeuka alikuwa ameshafumba kinywa. Hakulia. Aliuvuta mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauweka mapajani kama mtu anayefunga mzigo, akatazama ukuta. Tangu hapo ndiyo ukawa ule ukimya wa siku nne.

Kwa hiyo nililala. Na katika kulala nikasikia mlio: tak, tak, tak, tak. Vijiti viwili vinagonganishwa, kama mpiga drams anavyowahesabia wenzake kabla wimbo haujaanza. Nikadhani nimesahau kuzima kompyuta. Niliinuka, nikapita ushoroba wa kwetu ambao usiku ule ulikuwa mrefu kuliko kawaida, milango yake mingi kuliko tuliyo nayo. Nikafika sebuleni. Sebuleni ni mchana. Jua la saa tisa limeingia dirishani, limelala sakafuni, na Baba amekaa kwenye kiti changu.

Amevaa ovaroli yake ya bluu ya idara ya maji. Magoti yamelowa, viatu vina udongo mwekundu, kama mtu aliyetoka kufukua bomba sasa hivi. Si kijana wala si mzee. Ana uso wa siku nilipofaulu kwenda sekondari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Siogopi. Naona haya tu, haya ya kujua jambo ambalo pengine yeye halijui. Nafikiri: nani atamwambia kwamba amekufa? Sitaki niwe mimi. Basi nasimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Ameifungua kompyuta. Anaitazama bila kuishika, kichwa upande.

"Hii ndiyo bendi?"

"Ndiyo, Baba."

"Wamo wote?"

"Wamo wote. Na wewe umo."

Nikabonyeza. Wimbo wa Mvua ukaanza. Baba alikuwa na fimbo ya chuma aliyoitumia kazini. Aliiweka ncha moja barabarani, nyingine sikioni, akasikiliza bomba lililo chini ya ardhi, na akakwambia, "Hapa linavuja," nawe ukichimba unakuta maji. Fimbo ile sasa iko mkononi mwake. Anaiweka juu ya kompyuta, anainamisha sikio, anafumba macho. Anasikiliza mizunguko minne. Anasikiliza ubeti mzima. Anasikiliza mpaka mwisho, na mimi nangoja sifa kama nilivyozingoja nikiwa na miaka saba.

"Haivuji," alisema.

"Haikosei hata kidogo, Baba."

"Haivuji popote." Akaiondoa fimbo sikioni, akaifuta kwa kitambaa, taratibu. "Sasa Edina apitie wapi?"

Mwalimu huwa na jibu hata asipokuwa nalo. Nikasema, "Kuna mizunguko minne, Baba. Ikiisha, anaingia."

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikijibu sawasawa swali ambalo hakuniuliza. Akainuka. Akapita mbele yangu, na upepo wake ulikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na chuma kilicholowa. Nikamfuata. Ukuta wa sebuleni ambao una picha ya harusi yao haukuwepo, na tulipovuka pale ulipokuwa tuko ukumbini.

Sijawahi kuuona ukumbi ule ukiwa na watu. Nilipopata akili ulikuwa umekwisha kuwa ghala. Lakini nauona sasa, madirisha yake ya vioo vya kukunja, vumbi linapanda kwenye mistari ya jua, vijana wamejaa, suruali zao pana chini zinafagia sakafu, wasichana wana nywele za afro na hereni za duara. Hakuna anayeniona. Jukwaani wapo vijana watatu na magitaa. Nyuso zao sizishiki, kila nikizitazama zinateleza kama sabuni. Baba yuko nyuma yao kwenye drams. Mwili ni wa kijana wa miaka ishirini na mbili, shati limefunguliwa kifuani, lakini mikono inayoshika vijiti ni ile ya uzeeni, ile yenye makovu ya mabomba na kucha iliyopasuka.

Na mbele yao amesimama Mama.

Mungu wangu, alikuwa mdogo. Gauni la njano, viatu vya kuazima vinavyompwaya. Ameshika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, ule wa kulia na ule wa kushoto, yote mizima. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha ya kuuona ule mkono wa kulia.

Wimbo wa Mvua umeanza. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mama haingii.

Nikawatazama wale vijana, sasa watacheka. Hakuna aliyecheka. Bendi haikuendelea na ubeti. Baba alirudi mwanzo, akawazungusha wote, mizunguko minne mingine, wale wa magitaa wakamfuata bila kushtuka, kama watu waliokwisha kuzoea. Ikaisha. Mama hakuingia. Baba akazunguka tena. Watu wanacheza tu. Hakuna anayejua kwamba kuna kinachongojwa, isipokuwa mimi, na jasho linanitoka.

Ndipo nikaona. Mama hakuwa anawatazama watu. Alikuwa amegeuza shingo kidogo, anatazama nyuma juu ya bega lake, kule kwenye drams. Na Baba, aliyekuwa ameinamia ngoma zake, aliinua uso. Alimtazama. Hakumfanyia ishara, hakumhesabia. Alimtazama tu, na kidevu kikapanda kidogo, kama unavyomsalimu mtu unayefurahi kumkuta yupo.

Mama akaingia.

Ile sauti sitaieleza. Nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimekaa na ukimya wake miezi minane mpaka nikasahau kwamba ukimya ule ulikuwa na kitu ndani. Nilikaa sakafuni katikati ya miguu ya watu wanaocheza, nikalia kwa kwikwi.

Baba yuko karibu yangu. Amechuchumaa, magoti ya ovaroli yamelowa, na drams zinaendelea kupigwa kule mbele wala sijui na nani.

"Uliuliza nilimvumilia vipi," alisema.

"Nisamehe, Baba. Nilikuwa nimechoka."

"Hakuchelewa hata siku moja, Adela. Alikuwa anangoja nimtazame."

Alisema hivyo bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na uzito, ndivyo ninavyokumbuka, uzito wa kweli. Akanigeuza. Ukumbi umekwisha, tuko tena sebuleni kwetu, lakini sasa tumesimama pembeni, pale kwenye kiti cha Mama, na mbele yetu kuna mwanamke amekaa mezani ametupa mgongo. Mabega yameinuka. Kichwa kimeingia kwenye kioo cha kompyuta. Anahesabu kwa sauti kali: moja, mbili, tatu, nne. Kidole chake kinanyooka nyuma bila yeye kugeuka, kama mtu anayemwamuru mbwa.

Mwanamke yule ni mimi.

Na Mama yuko kitini pake, hapa, karibu yangu hata nasikia pumzi yake. Mkono wa kulia umelala mapajani. Anamtazama yule mwenye mgongo. Mizunguko inakwenda, na macho yake yameganda kwenye ule mgongo, yanangoja. Inafika nne. Kinywa kinafunguka. Mgongo haugeuki. Kinywa kinafumba. Yule mezani anaguna, anaanza upya, na Mama anajikusanya tena, anafuta mdomo kwa kiganja cha kushoto, anajiweka sawa kama msichana anayesubiri kuitwa jukwaani, anautazama mgongo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kinywa wazi. Mgongo.

Niliona mara zote kumi na moja. Baba hakuniruhusu kufumba macho, au mimi ndiye sikuweza.

Nikataka kumwita yule mwanamke. Geuka! Maneno ninayo. Nayajua, yako hapa kifuani, yamepangana vizuri. Nafungua kinywa na midomo inahangaika, shingo inakaza, na kinachotoka ni pumzi. Najaribu tena. Geuka. Hakuna. Najua kila herufi ya neno lile, na sina njia ya kulitoa. Nikamtazama Mama kwa woga, naye akanitazama. Ndani ya ndoto ile, ukimtoa Baba, yeye peke yake ndiye aliyeniona, na macho yake yalisema waziwazi: ndiyo, ndivyo ilivyo.

Kisha tuko uani. Jua limekuwa dogo. Baba ameinama, anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, na mimi namjua Baba: akifunga kamba hivyo anaondoka. Sauti yangu imerudi, na kilichotoka nayo si kile nilichokusudia.

"Baba, kwa nini hukuningoja?"

Hilo ndilo lililokuwa chini ya yote, na sikujua. Alipougua, nilikuwa Dodoma nikisahihisha mitihani. Mama alinipigia, akasema, tumbo la baba yako si zuri, njoo. Nikasema, Mama, nimebakiza siku mbili, nimalize. Nikamaliza. Nilihakiki jumla za alama mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu. Nilipofika nyumbani, viti vilikuwa vimetolewa nje na wanawake walikuwa wanapika kwenye masufuria makubwa, na Mama alinipokea mlangoni kwa kunishika mikono yote miwili, asiseme lolote, wakati ule alipokuwa bado anaweza kusema chochote.

Baba alimaliza kamba ya kiatu cha kwanza, akaenda cha pili. Hakuwa na haraka.

"Nilizunguka, mwanangu," alisema. "Nilizunguka sana. Mikono ikachoka."

Nikapiga magoti kwenye udongo. Nilitaka kushika viatu vile. Sikumbuki kama nilivishika. Nakumbuka alisimama, akajipangusa mikono kwenye mapaja ya ovaroli, akatazama dirisha la chumba cha Mama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuingia na amekatazwa na daktari.

"Hutamwamsha?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa.

"Mwambie asinitafute tena nyuma yake. Nimekuachia wewe."

"Umeniachia nini, Baba?"

Lakini alikuwa ameshafika kwenye geti, na geti la kwetu lina kelele, bawaba zake zimeliwa na kutu, ila safari hii lilifunguka bila sauti. Nilikimbia. Nilikimbia kama watu wanavyokimbia ndotoni, miguu inakwenda na ardhi haipungui.

Nikaamka.

Nilikuwa nimeketi kitandani, mdomo wazi, mashavu yamelowa mpaka shingoni. Nje kulikuwa kunapambazuka. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake, na ule mfagio wa njiti ulikuwa unakwaruza udongo taratibu. Nilikaa nikiusikiliza mpaka nikaamini kwamba niko hapa. Kisha nikajifunga kitenge, nikaenda chumbani kwa Mama bila kuvaa ndala.

Alikuwa macho. Sijui tangu saa ngapi. Amelala ubavu, uso ukutani, blanketi limeteremka kwenye bega. Nikalipandisha. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Mama, Baba amekuja."

Hakugeuka, lakini niliona sikio lake. Mtu akisikiliza, hata kisogo chake hubadilika.

Nikamweleza yote. Nilimweleza ovaroli, magoti yaliyolowa, gauni la njano na viatu vya kuazima. Nilimweleza jinsi bendi ilivyozunguka ikimngoja. Nilipofika kwenye ule mgongo mezani, nikatazama chini, nikayasema yaliyobaki nikiyaambia magoti yangu. Nikamwambia kwamba nilimtukana mbele ya Baba, kwa sababu sasa najua alikuwa anasikia. Nikamwambia kwamba sikuelewa. Kwamba nilidhani nampa bendi, kumbe nilikuwa nampa ukuta mwingine wa kutazama.

"Amenituma," nikasema. "Amesema usimtafute tena nyuma yako. Ameniachia mimi."

Kitanda kikalia. Nilijua anageuka, na sikuthubutu kuinua uso. Kugeuka kwake ni kazi, lazima auvute ule upande uliokufa kwa ule ulio hai, na siku nyingine zote ningemsaidia. Sikumsaidia. Nilisikia anahema. Halafu mkono wake wa kushoto, wa baridi, ukanigusa kidevu. Ukakishika. Ukaniinua uso kama unavyomwinua mtoto uso umfute kamasi.

Alikuwa analia. Baba alipozikwa hakulia, watu walimsema. Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka upande mmoja zaidi ya mwingine, na alinitazama, na mimi nikamtazama, na nikagundua kwamba tangu nihamie nyumba ile nilikuwa nimemlisha, nimemwogesha, nimemgeuza, nimempima presha asubuhi na jioni, lakini kumtazama usoni hivi, bila kutafuta dalili, sikuwa nimefanya.

Kompyuta ilikuwa sebuleni. Sikuifuata. Nikaanza kupiga paja langu kwa kiganja, polepole, mwendo wa Wimbo wa Mvua. Ikafika nne, nikazunguka. Ikafika tena, nikazunguka. Baada ya hapo sikuhesabu, mimi ninayehesabu mpaka ngazi ninazopanda. Jirani alimaliza kufagia. Kengele ya kanisa iligonga, na nilijua kipindi cha kwanza kitaanza bila mimi, na wanafunzi wa kidato cha tatu watafurahi. Paja lilianza kuniwaka. Mama hakuondoa macho. Nami sikuyaondoa, wala sikumwinulia kidole, wala sikumtajia neno la kuanzia.

Akavuta pumzi.

Kilichotoka kilikuwa chini sana, kimekwaruza, kimepanda mahali pasipo pake. Lakini yalikuwa maneno, yale ya daftarini, Kiingereza chake kile kile kilichopindishwa na sikio la Baba, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja. Aliimba mstari wa kwanza mpaka mwisho. Kisha midomo ikatetemeka, ikatulia.

Wa pili haukuja, na sikuuomba.